Akina Heinrich wa Reuss, na mabinti wasio na namba

Anayekutana na ukoo wa Reuss kwa mara ya kwanza hucheka. Ukoo huu ulitawala vijinchi viwili vya Thuringia, katikati ya Ujerumani, mpaka 1918, na wanaume wake wote, bila kubakiza hata mmoja, waliitwa Heinrich. Husimuliwa kuwa jina hilo ni heshima kwa Kaisari Heinrich VI, aliyewainua mababu zao karne ya 12.

Ili wasichanganyike wakapeana namba, na hapo ndipo wengi hupotea. Namba ile haikuhesabu watawala. Ilihesabu watoto wa kiume kadiri walivyozaliwa. Aliyefariki akiwa mchanga alikuwa na yake, na binamu asiyetawala hata kijiji alikuwa na yake. Tawi la wakubwa, lililokaa Greiz, lilipanga kuhesabu hadi 100 kabla ya kuanza upya. Tawi la wadogo, la Gera, lilianza upya kila karne. Kwa hiyo Heinrich LXXII wa Ebersdorf, kijinchi kingine cha tawi la wadogo enzi hizo, aliyeachia kiti katika vuguvugu la mapinduzi ya 1848, hakuwa mtawala wa 72 wa mahali popote. Mimi utaratibu huo naupenda: kwa mtu anayefuatilia nasaba, watoto wengi kiasi hicho wenye jina moja wangekuwa adhabu tupu.

Kinachonikera ni kwamba katika hesabu yote hiyo mabinti hawakupewa namba, wala kiti.

Tazama Greiz. Mwaka 1859 kiti kilimwangukia Heinrich XXII akiwa na umri wa miaka 13, na mama yake, Caroline wa Hesse-Homburg, akakishika kwa niaba yake mpaka 1867. Si kwamba alikaa tu akisubiri mtoto akue. Vita vya 1866 vilipozuka aliegemea Austria dhidi ya Prussia, na askari wa Prussia wakaingia Greiz. Uamuzi wake ulikuwa wa hatari, pengine wa kiburi, lakini ulikuwa uamuzi wa mtawala. Basi mjane aliyetoka ukoo mwingine alikabidhiwa nchi kwa zaidi ya miaka saba.

Heinrich XXII alipofariki 1902 aliacha watoto sita: mvulana mmoja na wasichana watano. Mvulana, Heinrich XXIV, alikuwa na ulemavu mkubwa wa mwili na akili, hakuweza kutawala. Sheria ya urithi wa wanaume iliwaruka dada zake wote. Yeye akawekwa kitini kwa jina tu, na kazi wakapewa jamaa wa Gera: kwanza Heinrich XIV, kisha kuanzia 1908 mwanawe Heinrich XXVII. Hata ule ukaimu, ambao bibi yao aliufanya, haukuja kwao. Mwaka 1918 mapinduzi yakafagia viti vyote viwili.

Mmoja wa dada hao, Hermine, aliolewa 1922 na Wilhelm II, yule Kaisari ambaye serikali yake ilitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi, wakati huo akiwa uhamishoni Doorn, Uholanzi. Kwa hiyo binti wa Greiz alifika karibu na taji kubwa kuliko lolote ambalo ukoo wake uliwahi kuliota, ila taji lenyewe lilikuwa limeshavuliwa.

Heinrich XXIV akafariki 1927, bila mtoto. Vitabu vya nasaba vinaandika kuwa tawi la wakubwa lilikoma mwaka huo. Mimi sikubaliani na neno hilo. Mwaka huohuo Hermine alikuwa na watoto watano hai aliozaa na mume wake wa kwanza, wajukuu halali wa Heinrich XXII. Kosa lao ni kwamba walihesabiwa upande wa baba, Schoenaich-Carolath.