Mwacheni Maharaj amalize kazi yake

Mimi kazi yangu ni spika na maiki, na harusi za Wahindu hapa Dar nimefunga mitambo nyingi tu, kwa hiyo hili ninalosema sio la kuhadithiwa, nimelisikia mwenyewe kwenye hedifoni.

Maharaj, ndo Wagujarati wanavyomwita kuhani wao, mimi ndo namvalisha ile maiki ndogo ya kwenye nguo, kila anachonong'ona nakipata. Sasa watu wengi wanadhani yule ni kama padri au kadhi, yeye ndo anafungisha ndoa. Wala. Shahidi wa ile ndoa ni moto, Agni, unaowashwa pale kati, na wanaomimina samli ni bwana na bibi harusi kwa mikono yao wenyewe. Yeye anasoma mantra, yale maneno matakatifu, kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, akigeuka anawaeleza vijana maana yake kwa Kigujarati kilichochanganywa na Kiingereza, hapo hapo anauliza kwa sauti ya chini "nazi iko wapi?", anasogeza kuni, anamkumbusha baba mtu kwamba ni mkono wa kulia huo, sio wa kushoto. Msibani nako ni hivyo hivyo, anayeuwasha moto wa kuchomea mwili kwa desturi ni mtoto mkubwa wa kiume, Maharaj yuko pembeni anamwongoza. Mwenye ibada ni mwenye shughuli.

Yule wa hekaluni, pujari, ana yake. Ukipita Kisutu mahekalu yamepangana, basi mle ndani sanamu ya mungu ikishafanyiwa ibada ya kutiwa pumzi inatunzwa kama mgeni mheshimiwa, anaamshwa asubuhi kwa kengele na taa, anaogeshwa (siku kubwa hata kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari), anavalishwa, anaandaliwa chakula kabla ya mtu yeyote kuonja, na mchana pazia linafungwa apumzike. Mahubiri ni kidogo sana, ni utumishi mwanzo mwisho.

Ndo maana sipendi kabisa hii tabia ya kumharakisha Maharaj. Kuna harusi moja kameramani alimwambia waziwazi, Maharaj dakika ishirini tu, wageni wana njaa. Maharusi wakazunguka moto mara nne kama inavyotakiwa, jamaa akawarudisha wazunguke tena eti hakupata angle. Mzee alinyamaza, nikasikia pumzi yake tu kwenye hedifoni.

Halafu kuna hili la ukoo. Mimi sio Mhindu, labda halinihusu, ila kazi hii kwa karne nyingi imekuwa ya Wabrahmini, tabaka la makuhani, baba anamrithisha mwanae. Jimbo la Tamil Nadu kule India, serikali ya M. K. Stalin, aliyekuwa waziri kiongozi wa jimbo, mwaka 2021 iliajiri makuhani wa matabaka mengine waliosomea, kelele zikawa nyingi na watu wakaenda mahakamani. Mji wa Pune nako, huko huko India, wanawake wanafundishwa ukuhani na wanaongoza shughuli kama kawaida. Mimi niko upande wa hao, maana nilichokisikia masikioni miaka yote hii ni ujuzi, yule mzee ana masaa ya Kisanskriti kichwani na hajikwai, hiyo huzaliwi nayo, unakaa chini unasoma.

Turudi kwenye ile harusi. Kameramani kalipwa, mimi nimelipwa, Maharaj akaja nimvue maiki, mkononi ana bahasha ya dakshina, ile zawadi anayopewa kuhani, hata hajaifungua, ile haina bei, unapokea ulichopewa. Nikamuuliza, "Maharaj, hukukasirika na yule jamaa?"

Akacheka. "Kijana, alipoenda kubadilisha betri ndo nilisoma zile nilizoruka."

Nikakumbuka kweli, kulikuwa na kama robo saa hivi mzee hakunyamaza hata kidogo, na mimi nilidhani maiki imekwama.