Tumelipa Kuingia Kibaruani

Jamani, mtu akikwambia, "Njoo shambani kwangu unichumie matunda, ukimaliza unilipe," utamjibu nini? Kule Muheza, mkoani Tanga, ukimtamkia kijana maneno hayo atakuangalia juu mpaka chini, halafu atawaita wenzake nao waje wakuangalie. Huku Minnesota, Marekani, magari yanapanga foleni mpaka barabara kuu, watu wameoga, wamechana nywele, wanakwenda kufanya kibarua cha kujilipia. Na mimi nilikuwemo kwenye foleni hiyo, Jumamosi ya Septemba, macho mekundu.

Mimi ni mtu wa shifti ya usiku. Wiki nzima nabeba maboksi ghalani, kwa hiyo Jumamosi saa nne asubuhi kwangu ni usiku wa manane. Lakini Mama Nuru alishaona picha za wenzake wa kazini: familia chini ya mti wa epo, baba, mama na watoto, wote mashati ya drafti nyekundu, wanacheka kana kwamba hawadaiwi kodi. Nikajitetea. Nikasema maepo yapo dukani, yameshachumwa, yameshaoshwa, kuna hata ya kuonja. Akanijibu kuwa mama yake kasafiri kutoka Tanzania, tangu aje anaangalia maegesho ya magari dirishani, "sasa unataka akirudi akasimulie nini? Mashine ya kufulia?"

Ukishatajiwa mama mkwe, mjadala umefungwa. Nikavaa drafti. Mama mkwe mwenyewe aligoma, akasema hilo ni shati la mlinzi. Yeye akajifunga kanga zake juu ya koti, tukaondoka kuelekea upande wa mto St. Croix, ambako mashamba ya maepo yamejaa.

Getini kijana akachungulia ndani ya gari, akahesabu vichwa. Dola 15 kila kichwa. Hiyo ni kuingia tu, epo hujaligusa. Wazee kuanzia miaka 65 wana punguzo. "Kuna mzee humo ndani?" akauliza, na kidole chake kikaelekea kiti cha nyuma. Gari zima kimya. Mama mkwe Kiingereza hajui, ila kidole alikiona.

"Anasemaje, Baba Nuru?"

Nikamtafuta mke wangu kwa jicho, mke wangu akawa anasoma kibao cha barabarani.

"Anasema karibu sana, Mama. Wewe unaingia kwa heshima."

"Mwambie ahsante. Kijana ana adabu."

Dola 5 zikaokoka, na ndoa ikaokoka.

Tukashuka. Miti mifupi imepangwa mistari iliyonyooka, imefungwa kwenye nyaya, na maepo yamejaa mpaka matawi yameinama. Mama mkwe akasimama, mikono kiunoni. Huyu ni mtu aliyelea watoto wake wote kwa machungwa. Shamba halisomi kwa kubahatisha. Akatazama mistari, akatazama watu wenye mifuko.

"Vibarua wao wamegoma?"

"Hapana, Mama. Vibarua ndio sisi."

"Wanatulipa ngapi?"

"Tumeshawalipa, Mama. Pale getini."

Akatembea kidogo bila kusema neno. Halafu kwa sauti ya huruma kabisa: "Kumbe kazi zimekuwa adimu hivyo huku, nanyi mnatuficha."

Kufika kwenye mistari yenyewe unapanda trela linalovutwa na trekta, umekaa juu ya marobota ya majani makavu. Watu wanapiga picha, wanapiga vigelegele. Mimi utoto wangu wote nimepanda trela la trekta kwa sababu nauli haikuwepo, na dereva akikuona anakushusha kwa fimbo. Sikujua kuwa nilikuwa kwenye utalii.

Humo kwenye trela kuna binti anatoa somo. Epo la sifa hapa linaitwa Honeycrisp, na watu wa Minnesota ukiligusa umegusa bendera. Chuo Kikuu cha Minnesota kilichanganya mbegu zake mwaka 1960, wakaliachia wakulima walipande mwaka 1991, na mwaka 2006 jimbo likalitangaza kuwa tunda lake rasmi. Miaka 31 watu wazima wanalingoja epo! Nikamkumbuka fundi anayejenga nyumba yangu Kibaha, nikaona kumbe yule ana haraka.

Binti akatufundisha na namna ya kuchuma: shika tunda, liinue juu, lizungushe kidogo, litaachia lenyewe. Usivute, ukivuta unang'oa kile kijiti kinachozaa mwaka ujao. Nikageuka nimtafsirie Mama, nikakuta hayupo na sisi. Keshainama kwenye mti wa kwanza, anapapasa shina karibu na ardhi, pale penye kinundu.

"Umebebeshwa huu," akasema. "Na aliyebebesha kisu chake kizuri. Tazama jeraha lilivyoziba."

Na kweli. Sisi kwetu chungwa tunalibebesha juu ya mlimau. Wao epo wanalibebesha juu ya shina la epo la aina fupi, makusudi, mti usirefuke, ili mtu aliyelipa dola 15 asihitaji ngazi. Mama mkwe akaupigapiga ule mti mgongoni, namna mtu anavyompongeza mtoto wa jirani aliyefaulu. Mimi nilitamani angenipigapiga mimi hivyo siku ya posa.

Tukaanza kazi. Mwanangu Hassan kazi yake ilikuwa kung'ata epo mara moja, kulitupa, kuchukua jingine. Bibi yake badala ya kumkemea anasema, "Mwacheni mume wangu achague." Nuru anachuma epo moja, anapiga picha, anasogea. Mama Nuru ni mpiga picha mkuu: "Baba Nuru, nyoosha mkono kama unachuma." Nachuma kweli, mke wangu! "Usiangalie kamera. Cheka." Nimetoka shifti saa kumi na mbili asubuhi, nacheka na mti.

Mchumaji alikuwa mmoja tu. Mikono miwili, mfuko begani, haangalii pembeni. Sasa mifuko ya pale inauzwa kwa ukubwa, si kwa kupima. Wetu ulikuwa wa kilo kama 9, umelipia mfuko, ujaze. Mliolima mnajua ukimpa mkulima wa kwetu mfuko usiopimwa kitakachotokea. Mfuko ulipojaa ndipo Mama alipoanza kuujaza. Akapanga maepo ukingoni, moja moja, vikonyo vikitazama ndani, duara la kwanza, duara la pili, juu yake kilele. Katikati akashindilia madogo kuziba nafasi. Akavua ushungi akaufunga juu, akakaza kwa meno.

Jamani, lumbesa! Serikali kule nyumbani imepiga marufuku lumbesa, mizani na faini juu, na hii hapa imezaliwa Minnesota kwenye mfuko wa karatasi.

Nikaibeba kwa mikono miwili, natembea kwa hatua za bwana harusi. Pale pa kutokea kijana akautazama mfuko, akautazama ushungi, akanitazama mimi. Akasema taratibu kuwa sheria ya mfuko ni vishikio vikutane. Vishikio vyetu vilikuwa havijuani. Mama mkwe akauliza anasemaje. Nikamwambia anasema umezidi. "Umezidi nini? Mfuko si ni uleule?" Yule kijana hakuwa na jibu, na mimi nikimtafsiria nikajiona sina jibu pia. Mwisho akatupa mfuko mdogo wa pili, wa kulipia bila shaka, na Mama akahamisha kilele huku akisema kwa Kibondei maneno ambayo mke wangu alikataa kuyatafsiri.

Ya maandazi yao ya kutobolewa katikati sitaki kuyasema sana. Foleni ndefu, nyigu wanazunguka sukari, na ukifika dirishani bei yake inakuondolea njaa. Lile shamba la mahindi la kupoteana ndilo kabisa. Wamekata vichochoro ndani ya mahindi, unalipa tena, unaingia, unapotea. Mimi mjini hapa kupotea napotea bure kila theluji ikianguka.

Halafu tukafika kwenye maboga. Shamba zima, limetapakaa rangi ya machungwa. Mama mkwe uso ukachanua, kisha akaniuliza wanayapika vipi. Nikamweleza kuwa mengi hayapikwi. Wanayachonga macho na meno, wanaweka taa ndani, wanayapanga mlangoni mpaka mwisho wa Oktoba, halafu yanatupwa.

"Astaghfirullahi," akasema. Akakaa na neno hilo, kisha macho yakashuka kwenye majani. "Na mboga yake je?"

Majani mengi yalishapatwa na ukungu mweupe, msimu unaisha, ila huko nchani mwa mitambaa yalikuwepo machanga, laini, na yale malaika yake yanayochoma vidole. Akaniambia niulize bei. Nikamwuliza mfanyakazi bei ya majani. Akadhani Kiingereza changu kimeharibika. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mama mwenye shamba. Mama mwenye shamba akacheka, akasema achukue anayotaka, mabaki yote yatafukiwa na trekta. Sijamaliza kutafsiri, Mama keshafungua kanga ya juu, keshaingia shambani.

Jioni ile akaketi jikoni anamenya nyuzi za vikonyo, moja baada ya nyingine, kanga nzima. Tukala majani ya maboga kwa karanga na tui la kopo, mpaka Hassan aliyeshibia maepo akalamba sahani. Kitu pekee tulichopewa bure siku nzima ndicho kilichoisha. Maepo yamejaza friji, maziwa yapo nje.

Ilipofika saa tatu usiku akataka simu. Muheza ni saa kumi na moja alfajiri, lakini shemeji yangu akapigiwa hivyohivyo.

"Athumani mwanangu, msimu ujao usimuuzie yule dalali. Anakuja na Fuso lake, anakadiria mti kwa macho, anatupa bei anayotaka yeye. Sisi tunajenga geti. Watu waje na watoto wao kutoka Tanga, kutoka Dar, walipe kuingia, wachume wenyewe, walipe tena mfuko. Na lumbesa marufuku."

Shemeji akapiga miayo, tunaisikia kabisa.

"Wa kuchuma wenyewe mbona tunao, Mama? Wanakuja kila usiku. Tatizo hao hawapiti getini."