Beberu wa Posa

Kilichomwagika ni robo tola tu. Kwa asiyezijua hesabu za wauza mafuta mazuri: tola ni gramu 11.66, dukani huhesabiwa kama mililita 12, kwa hiyo robo yake ni mililita 3. Kijiko cha chai hakijai. Lakini mililita moja ina matone kama 20. Yaani siku ya kwenda kumposea kijana wetu, saa kumi kasoro robo jioni, kanzu yangu nyeupe ilipokea matone 60 ya kitu ambacho mtu mwenye akili zake hujipaka nusu tone.

Na laiti yangekuwa mafuta ya asumini, au miski, ningeambiwa nimejipara kupita kiasi na mambo yangeishia hapo. Yalikuwa mafuta ya udi wa Kihindi, wa Assam, aliyonibebea binamu yangu kutoka Muscat. Mimi ni mkusanyaji. Kabatini nina vichupa arubaini na kitu, na kila kimoja mke wangu anaapa ni kilekile. Hiki hata yeye alikijua. Alikuwa akikiita "cha zizini".

Hakukosea. Udi ni ugonjwa wa mti. Mti wenyewe, Aquilaria, ukiwa mzima mbao yake nyeupe haina harufu ya maana. Ukipata jeraha kuvu ikaingia, mti hujitetea kwa utomvu mzito, na mbao inayolowa utomvu huo hugeuka nyeusi na kuwa na thamani kubwa. Kupata mafuta, vipande husagwa, vikaloweshwa majini kwa wiki kadhaa, kisha vikachemshwa na mvuke wake ukakusanywa. Kule kulowesha ndiko kunakoleta kasheshe, maana mbao huchacha. Udi wa Kambodia mara nyingi unakupokea na utamu wa matunda tangu mlangoni. Wa Kihindi unakupitisha bandani kwanza: mbuzi, ngozi mbichi, samli iliyosahaulika. Ukivumilia saa moja na nusu, mbili, ndipo unapofunguka ukawa tumbaku, asali na mbao kongwe, hadi ukatamani kulia. Kwa bei ya ile robo tola ningenunua mbuzi wawili, na kwa saa ya kwanza tungenuka sawasawa.

Sasa, yalimwagikaje? Mafuta yalikuja kwenye chupa ya asili, ile yenye kijiti cha kioo kilichoungana na kizibo. Chupa hiyo ni ya nyumbani, haiingii mfukoni. Nikaamua kuyahamishia kwenye kichupa cha gololi, kile cha kuviringisha kwenye ngozi. Kazi yenyewe ni ya dakika tano. Unang'oa kile kikombe cha plastiki kinachoshika gololi, unavuta mafuta kwa bomba la sindano, unajaza hadi robo tatu ili hewa ipate nafasi, unapangusa shingo ya kichupa kwa spiriti hadi ikauke kabisa, halafu unabana kikombe chini hadi kilie "tak".

Nilijaza pomoni, kwa uroho. Shingo sikuipangusa, kwa haraka. "Tak" sikuisikia, nikajiambia masikio yangu ndiyo mabovu. Halafu nikakiacha kichupa dirishani kwenye jua. Mafuta yakipata joto hutanuka, na yasipokuwa na hewa ya kuminya husukuma kizibo. Plastiki iliyokaa juu ya kioo chenye mafuta haina cha kushikilia. Nilipokigeuza nijiguse nyuma ya sikio, gololi na kikombe chake vilitoka pamoja, gololi ikadunda sakafuni na kupotelea chini ya kabati. Mafuta yalichukua njia ya shingo, bega la kulia, kwapa, mkono wa kanzu hadi kiwikoni. Udi wa Kihindi ni mzito lakini, wallahi, siku hiyo ulikimbia.

Kanzu nyingine nyeupe ilikuwa kwa dobi.

Ninajua vizuri kinachotakiwa kufanywa hapo, na nimeshawafundisha wengi. Ngozi unaipaka mafuta ya nazi, maana mafuta huondolewa na mafuta mwenzake, unafuta kwa kitambaa kikavu, kisha sabuni ya vyombo. Nguo unaimwagia poda, unaiacha nusu saa inyonye, unakung'uta, unasugua sabuni ileile ya vyombo, unaanika. Maji ya moto usiyaguse, pasi usiikaribishe. Hayo yote ninayajua. Ila ndugu yangu, baba wa kijana, alikuwa nje anapiga honi ya gari kama anasafirisha mgonjwa, na elimu yangu yote ikanitoka.

Nikaanza na maji ya moto. Mafuta hayakutoka, yalipata joto tu, na harufu iliyokuwa imelala ikaamka. Nikachukua spiriti. Spiriti huyayeyusha mafuta haya kweli, lakini kama huna kitambaa cha kunyonya chini yake, inayabeba na kuyasambaza. Doa lililokuwa na upana wa kiganja likawa la sahani. Hatua ya tatu, ambayo mkusanyaji mwenzangu akiisoma atafunga macho, nikashika kolonya na kupuliza mara kumi na nane.

Kolonya asili yake ni Köln, Ujerumani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1700, na ni maji mepesi: manukato yenyewe huwa asilimia 2 hadi 4 hivi, kilichobaki ni alkoholi na maji. Ndimu na machungwa yake hupanda upesi na kuondoka upesi, dakika 20 ukibahatika. Kwa dakika hizo 20 sikunuka beberu. Nilinuka beberu aliyekula ndimu.

Ndani ya gari tulikuwa wanne. Ndugu yangu alifungua dirisha lake kabla hata sijafunga mlango. Mzee tuliyemchukua awe msemaji alivuta pumzi mara moja, akatoa tasbihi. Mimi nilichukulia ni uchamungu, kwa sababu tulipofika njia ya Bububu, Unguja, nilikuwa sisikii harufu yoyote. Hiyo nayo ndiyo hila ya pua: harufu isiyobadilika huizoea kwa dakika chache na kuacha kukupa habari zake. Wauzaji hukupa buni za kahawa unuse eti pua ianze upya. Mimi huona hewa safi inatosha, au kunusa kiwiko chako mwenyewe. Siku ile, kwa umakini mkubwa, nikanusa kiwiko changu. Cha kulia. Sikusikia kitu, nikamwambia ndugu yangu, "Imeisha."

"Nini imeisha?"

"Harufu."

Alinitazama kwenye kioo, hakunijibu.

Wenyeji walitupokea vizuri mno. Tukakaribishwa sebuleni, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi la barabara, chetezo kinatoa moshi wa udi wa kupikwa na sukari. Barua ya posa ilikuwa imefungwa ndani ya leso, juu ya mapaja ya mzee wetu. Akaanza kwa Bismillahi, akafika "sisi tumekuja kwenu tukiwa na haja", na pale kwenye haja mtoto wa miaka mitano hivi akafunua pazia.

"Babu, mbuzi kaingia ndani."

Mwenyeji akacheka kidogo kwa aibu. "Tuwieni radhi, tunafuga hapo uani. Nenda mwanangu, watazame kama wamefungwa."

Mzee wetu akarudi kwenye haja yetu. Mtoto naye akarudi. "Wote wamefungwa."

"Na beberu?"

"Na beberu. Lakini beberu mwengine yumo humu."

Nyuma ya pazia wanawake walianza kukohoa, ile kohoa ya mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga. Mimi bado sijajijua. Kusema kweli nilianza kuwahukumu wenyeji: jamani, mnafuga mbuzi ubavuni mwa sebule? Hata nikainama kwa ndugu yangu, "Kijana wetu avumilie hii harufu?" Ndugu yangu akanong'ona bila kugeuka, "Wewe nyamaza. Na usinyanyue mkono."

Mwenyeji, maskini, akaagiza beberu asogezwe kule mwisho wa shamba, upepo usilete harufu kwa wageni. Tulisikia kamba ikifunguliwa. Tukasikia mtu anasema "mshike, mshike". Kisha beberu mwenyewe, mwekundu, mwenye ndevu za kumshinda msemaji wetu, akapita mlangoni, akakanyaga busati na kuja moja kwa moja mbele yangu.

Hakunipiga pembe. Alininusa kwapa, akanyoosha shingo, akakunja mdomo wa juu hadi ufizi ukaonekana, akaganda hivyohivyo. Mbuzi hufanya hivyo anapotaka kuipima harufu sawasawa: huipeleka kwenye kiungo kilichoko juu ya kaakaa, maana pua peke yake haimtoshi. Nilimwelewa kabisa. Na mimi hukunja sura vilevile dukani, na muuzaji hunisubiri kwa heshima. Hakuna mtu aliyewahi kuyapokea mafuta yangu kwa makini namna ile.

"Kumbe huyu hapa!" nikapaza sauti, nikimwonyesha kwa kidole kama niliyekamata mwizi. Kwa kupaza kidole nikanyanyua mkono.

Msemaji wetu akapoteza mahali alipofika.

Beberu alitolewa na vijana wawili, akigeuka nyuma kunitazama. Madirisha yakafunguliwa. Mama wa binti, kwa ukarimu, akaja na mrashi akaturashia marashi ya mawaridi, na mimi nikapata mafungu matatu, ya nne akanimiminia tu. Akamaliza, akasimama, akanusa. Beberu alikuwa ameshaondoka. Harufu ilikuwa imekaa kwenye kochi, imeshika kikombe cha kahawa.

Hapo ndipo nilipojijua. Nikaanza kujibana mkono ubavuni, kahawa nanywa kwa kushoto, na wenyeji wakaona pia kwamba sina adabu.

Lakini saa ilikuwa inakwenda. Walijadili, wakaulizana nasaba, tukasimama tukasali magharibi (safu nzima ilinipa nafasi ya kutosha), tukarudi, wakaulizana tena nasaba. Kwa hesabu yangu zilikuwa zimepita kama saa tatu tangu mafuta yamwagike. Ule uzizi ulishaanza kujikunja, na yale mawaridi yalikuwa yamekaa juu yake. Kwa asiyejua, waridi na udi ni ndoa ya zamani huko Arabuni. Huchanganywa kwa makusudi na watu hulipia fedha nyingi. Mimi nilikuwa nimechanganyiwa kwa huruma, bure.

Kutoka chumba cha ndani ikasikika fimbo. Bibi wa binti, macho hayaoni vizuri, anaongozwa na mjukuu. Tukasimama, "Shikamoo bibi." Hakuitikia. Alisimama katikati ya sebule, pua juu, akageuka taratibu hadi akanielekea.

"Nani kavaa udi wa Kihindi?"

Kimya. Ndugu yangu akanisukuma kwa goti.

"Mimi, bibi."

"Wa kweli huu. Mume wangu alikuwa akitia wa namna hii Ijumaa, nilikuwa namfukuza barazani hadi saa ya pili ifike." Akasogea, akaushika mkono wa kanzu yangu, akatoa leso kifuani na kuanza kuufuta, kutoka kiwikoni kwenda kwapani na kurudi, kama anayefuta ubao. Hakuna aliyesema neno. Alipotosheka akaifunga leso fundo mbili akairudisha kifuani.

"Mahari atayataja binti mwenyewe," akasema. "Mkaja ni wa mama yake, kilemba cha mjomba wake. Mie nataka robo tola ya haya."

Usiku kijana akanipigia simu, sauti inamtetemeka. "Ami, wamekubali?"

"Wamekubali."

"Alhamdulillahi. Na mahari?"

"Bado. Ila bibi yao kashataja chake."

"Kiasi gani, ami?"

"Mililita tatu za mafuta."

Akacheka kwa furaha, maskini. "Tatu tu? Hizo nitanunua mie mwenyewe kesho!"

Nikamwambia alale salama.