Kiuno ni nyumba ya figo, ila figo zipi?

Ukiumwa kiuno miezi mitatu mfululizo, kuna jirani atakayekwambia hizo ni figo, kunywa maji mengi. Hospitalini watapima mkojo na damu, wakute figo ziko salama, wakupe vidonge vya maumivu. Nenda kwa tabibu wa Kichina, naye atasema ni figo. Tofauti ni kwamba yeye hazungumzii zile tunazoziona buchani.

Huangdi Neijing, kitabu cha tiba chenye umri wa miaka 2,000 hivi, kinasema kiuno ndiyo nyumba ya figo. "Figo" hapo ni shen: akiba ya nguvu anayozaliwa nayo mtu, inayotawala mifupa, uzazi, hata masikio na nywele, nayo hupungua kadiri umri unavyosogea. Kipimo cha maabara hakiwezi kumpinga tabibu huyu wala kumuunga mkono. Neno ni moja, vitu ni viwili.

Maswali yake, lakini, ni ya mtu anayesikiliza. Je, kiuno kinakuwa kizito mvua ikinyesha? Hiyo ni baridi na unyevu. Kinachoma kama kisu pahala palepale, zaidi usiku, na hutaki paguswe? Damu imetuama. Kinauma ukichoka, kinatulia ukilala au ukikandwa, na magoti hayana nguvu? Shen imepungua. Atatazama ulimi, atashika mapigo kwenye mikono yote miwili, kisha achome sindano pembeni mwa uti wa mgongo na kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Palipo na baridi ataunguza majani makavu ya jamii ya pakanga karibu na ngozi.

Inasaidia? Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliotoka 2007, wenye wagonjwa 1,162, ulikuta waliopata nafuu kwa sindano za Kichina ni asilimia 47.6. Waliochomwa juujuu, tena mahali pasipohusika, walikuwa 44.2. Waliotibiwa kwa njia za kawaida, 27.4 tu. Miaka miwili baadaye Wamarekani walikwenda mbali zaidi: walitumia vijiti vya meno. Mgonjwa kalala kifudifudi, haoni kitu. Kijiti kinapitishwa kwenye kijibomba cha sindano, kinagongwa, kinazungushwa, na ngozi haitobolewi. Vijiti vikafanya kazi sawa na sindano, na vyote vikaishinda huduma ya kawaida.

Mpinzani atacheka: ramani ya vituo vya mwili vya kuchomwa sindano imeanguka. Naye mtetezi ana jibu zuri: basi huduma yenu imeshindwa na kijiti cha meno. Nawapa wote haki. Ndiyo maana hata wakubwa hawakubaliani: Uingereza iliipendekeza tiba hii 2009, ikaiondoa 2016, bima za umma za Ujerumani zinailipia tangu 2007, Medicare, bima ya umma ya wazee Marekani, tangu 2020, na Shirika la Afya Duniani liliikubali 2023, kwa masharti. Mimi naona kinachotibu kwa sehemu kubwa ni ile nusu saa ya kuulizwa, kuguswa na kulala kimya, kitu ambacho foleni za hospitali zetu haziwezi kukupa. Ila mguu ukifa ganzi, mkojo ukigoma au homa ikiambatana na maumivu, usiende kutafuta utulivu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa dawa za kunywa sina upole huo. Mchanganyiko maarufu wa kiuno, Du Huo Ji Sheng Tang, una xixin, mmea wa familia ya Aristolochia, yenye asidi inayoharibu figo na kuleta saratani. Mizizi yake, ndiyo inayotakiwa, ina kiasi kidogo. Majani yana zaidi, na mgonjwa hajui ndani ya pakiti kumesagwa nini. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya kupunguza unene walipoteza figo baada ya mmea mmoja wa Kichina kubadilishwa na Aristolochia. Hizo sasa ndizo zile za buchani.