Kijana wa steshenari alipwe

Huku Denmark ninakoishi, tangu Novemba 2014 barua za serikali huja mtandaoni: za kodi, za hospitali, za manispaa. Unaingia kwa MitID, kitambulisho chao cha mtandaoni, unasoma Kidenishi, basi. Ndugu zangu wa Mwanza wakisikia husema wenzetu wameendelea. Sikatai, foleni za ofisini nimezisahau. Lakini ingia kwenye nyumba za wahamiaji uone nani anayezisoma barua hizo. Ni mtoto wa darasa la sita, anamsomea mama yake majibu ya hospitali, mengine ya siri ambazo mtoto hapaswi kuzijua. Asiyejua lugha anaruhusiwa kuomba atolewe kwenye mfumo, aletewe karatasi. Na karatasi yenyewe ni ya Kidenishi!

Kwetu Mwanza kazi ya mtoto huyo anaifanya kijana wa steshenari, kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Kirumba, Igoma, Buhongwa, yeye ndiye anayejaza fomu za NIDA za kitambulisho cha taifa, anayetoa kontroo namba za kulipia serikali, anayetunza nywila za wateja kwenye daftari (msinicheke, mnamjua). Anajua mfumo unakwama ukurasa gani. Nani amewahi kumuuliza kabla ya kujenga mfumo?

Chukua mvuvi wa dagaa. Kamba na nyavu zimemla vidole, mashine ya alama za vidole inamkataa. Dagaa huvuliwa siku za giza, mwezi usipoonekana: giza hili yuko kisiwa cha Ukerewe, lijalo yuko kisiwa cha Kome, anafuata samaki. Fomu inamtaka ataje kata na mtaa anakoishi. Ataje upi? Sisi wa nje tuna letu: namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini ya Tanzania iliyokufa zamani kwa kutotumika.

Najua kuna watakaosema wadau hushirikishwa. Semina ya siku moja, maji ya chupa, picha ya pamoja, na mfumo umeshajengwa. Mimi huo siuiti ushirikishwaji. Mvuvi, kijana wa steshenari na mama wa Copenhagen anayesomewa na mwanawe waitwe kabla programu haijaanza kuandikwa, wawe na sauti ya kukataa, na walipwe kama wanavyolipwa wataalamu. Wa bure atakuja mara moja tu, ana familia.

Mwanza pa kuanzia hapana gharama kubwa. Mhandisi mmoja wa mifumo akakae wiki nzima kwenye steshenari ya Kirumba, asifundishe mtu, aandike tu kila mteja amekwama wapi, na kijana amefanya ujanja gani kumvusha.