Kivumbasi ni cha usiku, na mbu wa mchana je?

Jua likishatua Lamu, zipo nyumba ambazo bado hufukiza kabla ya kutandika. Majani ya kivumbasi, mmea wenye harufu kali ya kufukuza mbu, huwekwa juu ya makaa, chetezo kikazungushwa hadi mvunguni mwa vitanda. Siku hizi desturi hiyo imepata mdogo wake: chupa ya mafuta ya nazi yaliyopashwa moto pamoja na kivumbasi, mchaichai au mwarobaini, ya kujipaka. Wanaoisifu husema ni mti wetu wa asili, majani ya porini, hayana kemikali wala bei. Wanaoibeza wanaiita ushamba. Mimi nimejipaka miaka mingi, na naona wote wawili wanagombania chupa na kumsahau mbu.

Kivumbasi hakisifiwi bure. Mwaka 2002 yalichapishwa majaribio ya magharibi mwa Kenya ambamo vyungu vya kivumbasi kibichi, bila kuchomwa wala kupondwa, vilipunguza mbu wa malaria waliomwendea mtu kwa takriban asilimia 40. Majaribio mengine ya huko yalionyesha kuwa majani ya jamii hiyo yakipashwa moto juu ya bati hufukuza mbu zaidi kuliko yakitupwa motoni. Kwa hiyo anayeyaacha yaungue mpaka chumba kikajaa moshi anapoteza harufu, na watoto anawakohoza bure.

Lakini asilimia 40 maana yake mbu sita katika kumi bado wanafika mezani. Na kwenye mafuta, harufu ndiyo dawa yenyewe, nayo hupeperuka: saa moja, mbili ukibahatika, tena kwa joto letu na jasho letu. Dawa ya dukani ya kujipaka yenye kemikali iitwayo DEET, asilimia 20 au 30, hudumu saa kadhaa. Bei yake, kweli, si ya kila mtu, na hapo hoja ya wapenda majani ina uzito. Wengine hujitetea kwa mkaratusi wenye harufu ya ndimu, kwamba mamlaka za afya za Marekani zimeukubali. Zilichokubali ni dawa iliyosafishwa kiwandani kutokana na mti huo, na hata hiyo haziiruhusu kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Majani uliyoyatwanga kinuni ni kitu kingine.

Hilo la “mti wetu wa asili” nalo tulipunguze. Mwarobaini ulikuja kutoka Bara Hindi. Lantana, kile kichaka cha miiba chenye maua ya rangi rangi ambacho nacho husifiwa kwa kufukuza mbu, asili yake ni Amerika. Kivumbasi ndicho cha Afrika.

Kinachonisumbua zaidi ni mwaka 2004. Chikungunya, homa iletwayo na mbu ambayo jina lake ni neno la Kimakonde la mtu kukunjamana kwa maumivu ya viungo, iliingia Lamu wakati wa ukame. Damu za wakaazi zilipopimwa Oktoba mwaka huo, ilikadiriwa kuwa robo tatu ya watu wa kisiwa walikuwa wameambukizwa. Mbu anayeieneza, Aedes, huuma mchana: mtu yuko sokoni, gatini, anaanika nguo. Chetezo cha magharibi hakimgusi, na chandarua pia. Huzaliana kwenye maji tuliyoyaweka wenyewe, katika mapipa, mitungi, mabirika (matangi ya maji ya kujengwa nyumbani), hata vifuu vya madafu vilivyotupwa uani.

Tazama sasa ukame unavyocheza pande mbili. Mvua ikikatika kivumbasi hunyauka, na hapo hapo kila nyumba huzidisha vyombo vya maji kwa kuwa haijui yatapatikana lini tena. Dawa inaadimika wakati mbu anapata makao. Anayetegemea majani peke yake ana kinga wakati wa mvua, ikija kiangazi hana kitu.

Nyumba za kale za Lamu zilikuwa na hila nyingine: samaki wadogo ndani ya birika wa kula viluwiluwi, na sahani ya kaure iliyozamishwa chini ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuogelea. Ajabu ni kwamba hili halimo katika sifa za dawa za asili, pengine kwa sababu halitiwi chupani likauzwa.

Chupa yangu ya kivumbasi bado iko karibu na mlango, kwa kikao cha barazani baada ya Isha. Asubuhi nafunika mapipa kwanza.