HiQuake: anza na jedwali, ramani baadaye

Kuna watu ukiwaambia binadamu anaweza kusababisha tetemeko la ardhi wanakucheka usoni. Na kuna wengine ukiwaonyesha ramani ya HiQuake, kanzidata ya matetemeko yanayodaiwa kusababishwa na binadamu, ilivyojaa alama kila bara, wanaondoka na imani kwamba hakuna tetemeko lisilo na mkono wa mtu. Wote ningewashauri waiache ramani kwanza, wapakue jedwali, wakae nalo.

Kanzidata hii ilikusanywa na watafiti wa vyuo vikuu vya Durham na Newcastle, Uingereza. Ilipotangazwa mwaka 2017 ilikuwa na miradi 728, na imeendelea kukua. Kinachohesabiwa ni miradi, si matetemeko. Gesi ya Groningen, Uholanzi, imetikisa nyumba za watu zaidi ya mara elfu moja, lakini mtu anayehesabu mistari hatauona wingi huo. Atakachokiona ni ukubwa wa tetemeko lililozidi yote, lile la Huizinge la Agosti 2012, 3.6. Orodha ile ya 2017 ukiipanga kwa chanzo utashangaa pia: migodi ilichukua zaidi ya theluthi, mabwawa karibu robo. Upasuaji wa miamba kwa maji ili kupata gesi, unaopigiwa kelele magazetini, ulikuwa na asilimia chache tu.

Mimi hupenda kuanzia Kariba. Bwawa hilo la mpakani mwa Zambia na Zimbabwe lilianza kujazwa Desemba 1958. Septemba 1963, ziwa likiwa limejaa, likapiga tetemeko la ukubwa wa takriban 6. Ni maji ya tani zipatazo bilioni 180, kwa hiyo ni rahisi kusema uzito ndio uliofanya kazi. Sasa shuka mpaka Koyna, India. Ziwa lake halifikii hata sehemu moja ya hamsini ya Kariba, lakini tetemeko la Desemba 1967 lilikuwa na ukubwa wa 6.3 na likaua watu wapatao 180. Uzito peke yake hautoshi kueleza hilo. Maji hupenya kwenye nyufa za miamba, shinikizo linapanda, na ufa uliokuwa tayari umekaribia kuteleza unateleza. Urefu wa ukuta wa bwawa hautakuambia ufa huo uko wapi.

Tarehe nazo zina mtego. Karibu na Denver, Marekani, jeshi lilianza mwaka 1962 kusukuma maji machafu ya kiwanda cha silaha za kemikali kwenye kisima chenye kina cha zaidi ya kilomita tatu na nusu. Ardhi ikaanza kutikisika mwaka huohuo. Mjiolojia David Evans akaonyesha hadharani jinsi matetemeko yalivyopanda na kushuka kufuatana na kiasi cha maji kilichoingizwa, na Februari 1966 kazi ikasimamishwa. Matetemeko makubwa kuliko yote yalikuja 1967, maji yakiwa yameshaacha kusukumwa. Anayechuja jedwali kwa kutupa kila kilichotokea baada ya mradi kwisha atakuwa ametupa sehemu nzito zaidi ya kisa.

Kelele kubwa kuhusu HiQuake ni kwamba imebeba hata visa vyenye ubishi. Ni kweli. Tetemeko la Wenchuan, China, la Mei 2008, lenye ukubwa wa 7.9, limo kwa sababu baadhi ya wanasayansi walilihusisha na bwawa la Zipingpu, na wengine wengi hawakubali. Waandaaji waliamua makusudi: mtafiti akitoa hoja ya kisayansi, kisa kinaingia. Mimi nawaunga mkono. Tetemeko la Pohang, Korea Kusini, la Novemba 2017 nalo lilianza kama madai ya watafiti wachache dhidi ya mradi wa jotoardhi. Machi 2019 jopo lililoteuliwa na serikali likathibitisha. Ukifuta kila chenye ubishi, unafuta na vya aina hiyo kabla havijakomaa. (Fedha za kazi hii zilitoka kwa NAM, kampuni iliyochimba gesi ya Groningen. Jambo hilo halinifurahishi, ila marejeo yapo na yeyote anaweza kuyafuata.) Nisichokubali ni picha ya ramani kusambazwa WhatsApp kana kwamba kila alama ni kesi iliyokwisha hukumiwa.

Kinachoniudhi hasa ni visanduku vitupu. Mara nyingi hakuna maelezo ya hali ya eneo kabla ya mradi, kwa kuwa hapakuwa na kifaa cha kupima. Kwetu wenye Bonde la Ufa, linalotikisika bila kuombwa, bila kumbukumbu hizo hutatenganisha la asili na la bwawa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilianza kujazwa Desemba 2022. Ningependa kujua ni vituo vingapi vilikuwa vinarekodi mitikisiko kandokando yake kabla ya siku ile, na kama mwananchi anaweza kuzipakua takwimu hizo.